Tarumbeta Moja, Midomo Miwili

Asalaam aleykum Shangazi,

Huenda mimi ni mkubwa kwako kwa umri, lakini kwa jambo hili nakuita Shangazi kama wanavyokuita wote, kwa sababu nimekwama.

Mimi ni askari mstaafu. Nilikuwa wa bendi, si wa bunduki. Miaka yangu mingi ya jeshi niliimaliza nikipuliza baritoni kwenye magwaride, mazishi na sherehe za wakubwa. Sasa niko kijijini, Luweero, si mbali na Bombo, katikati ya Wanubi wenzangu, Waganda, na familia kadhaa zilizotoka Kongo. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, batalioni ya nne, akafika mpaka Burma. Kwetu mtu akisikia ngoma ya gwaride anatoka nje hata kama ana tonge mdomoni.

Miaka miwili iliyopita nilipata ala kuukuu kutoka shule moja iliyokuwa imeacha mambo ya bendi. Matarumbeta manne, tromboni mbili, baritoni mbili, na tuba moja iliyobonyea kama sufuria ya msibani. Kuna ngoma kubwa, ngoma ndogo mbili na matoazi. Jumla ala 13. Watoto ninao 19, kwa hiyo wengine wanashirikiana ala moja, huyu leo, yule kesho. Kila jioni wanakuja chini ya mwembe, kwenye kiwanja cha mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, na tunaongea Kiswahili maana ndiyo lugha ambayo sote tunakutana humo. Mpaka leo waliotusikia ni ng'ombe, akina mama wanaopita kwenda kisimani, na imamu mmoja mvumilivu ambaye tulipatana naye tusipulize wakati wa swala.

Oktoba 9 tumealikwa kupiga kwenye uwanja wa gombolola, yaani kata yetu, Siku ya Uhuru. Ndiyo mara yetu ya kwanza mbele ya watu. Tutaingia kwa machi, tupige Wimbo wa Taifa bendera ikipanda, tufuatishe wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (ule wa Buganda wataimba kwaya ya shule), tupige nyimbo mbili wageni wakila, halafu tutoke kwa machi ileile, maana hatuna nyingine.

Sasa tatizo. Katika matarumbeta manne, matatu yana vali, vile vitufe vya kubonyeza, zilizochoka. Moja tu ndilo la kuaminika, na hilo ndilo linalobeba wimbo. Wanalipuliza watoto wawili.

Wa kwanza ni mvulana wa miaka 13, darasa la sita, anayelelewa na bibi yake. Walitoka Kongo. Bibi anauza mandazi kando ya barabara kuu ya Gulu. Huyu kijana hajawahi kukosa mazoezi, hata siku za mvua anakuja akiwa amefunika kichwa na mfuko wa sukari. Sauti yake ni pana, inafika mbali, na noti ya kwanza haimtetemi. Mwezi wa Machi nilimwambia: Uhuru utapuliza wewe.

Wa pili ni binti wa mwenyekiti, miaka 12, darasa la saba. Sauti yake ni ndogo lakini safi, na anasoma noti kuliko wote. Wakati mwingine ananisahihisha mimi. Mwezi wa Julai ngozi ya ngoma kubwa ilipasuka. Wazee husema ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini yetu haikuvuma, ilikuwa imezeeka tu. Mwenyekiti akanunua ngozi mpya bila hata kuombwa. Siku hiyo nilifurahi kupita kiasi, nikamwambia mbele ya watu: Mzee, Uhuru utamsikia binti yako. Na yeye binti mtihani wake wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, uko Novemba. Baba amemruhusu apige siku hiyo, kisha arudi kwenye vitabu, na mwakani anakwenda shule ya bweni. Kwa hiyo ni mara yake ya kwanza na huenda ikawa ya mwisho.

Bibi wa yule kijana ameuza jogoo akanunua viatu vyeusi vya gwaride. Mwenyekiti naye ameshawaita ndugu zake kutoka Kampala. Watoto wenyewe hawajagombana, lakini wameacha kupeana tarumbeta mkononi. Mmoja analiweka chini kwenye kiti, mwenzake analiokota, analipangusa kidomo, pale pa kupulizia, kwa shati, anapuliza.

Nimewaza kurusha shilingi. Nimewaza kuazima tarumbeta Kampala, lakini mwenye nalo anataka rehani nisiyokuwa nayo. Rafiki yangu tuliyestaafu naye ananiambia nimpe binti lile tarumbeta bovu kabisa, asimame mstari wa mbele, ajifanye anapuliza huku kijana anapuliza nyuma yake. Eti baba ataona picha, hatajua sauti inatoka wapi.

Wale wengine wanaoshirikiana hawana shida, nimeshawapanga: wakubwa watapiga, wadogo watatazama na kujifunza.

Wiki nne zimebaki. Nifanye nini?

Mwalimu wa bendi, Luweero

* * *

Wa aleykum salaam, Afande.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta nani apulize. Mara ya pili nilianza kuhesabu.

Watoto 19, ala 13. Wanaozidi ni sita. Mmoja wa hao sita umeniandikia ukurasa mzima juu yake, namjua umri, darasa, sauti, na hata mfuko anaojifunika mvua. Au ni binti ndiye anayezidi, sijui, na wewe pia hujui, ndiyo sababu umeandika. Lakini kuna watano wengine ambao umewamaliza kwa mstari mmoja kule chini, baada ya kila kitu: watatazama na kujifunza. Hao umewapangaje? Kwa ukubwa. Hukurusha shilingi, hukukosa usingizi, hukuandika barua. Nadhani unajua kwa nini. Hakuna baba yao aliyenunua ngozi ya ngoma, na hakuna bibi yao aliyeuza jogoo, au labda yupo ila hajakufikia.

Nitarudi kwao. Kwanza tumalize la tarumbeta, kwa sababu najua ndilo linalokuuma.

Uliahidi mara mbili kitu kimoja. Msemo wa ahadi na deni unaujua, sitakuchosha nao. Ninachotaka uone ni kwamba ahadi ya kwanza uliitoa kwa sababu ya kazi ya mtoto, na ya pili kwa sababu ya furaha yako. Mwenyekiti hakukuomba. Umesema mwenyewe, alinunua ngozi bila kuombwa. Wewe ndiye uliyetafuta kitu cha kumrudishia haraka haraka mbele ya watu, ukashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa cha mtu mwingine. Mzee kama yule angetosheka na asante na kikombe cha chai. Huenda hata sasa angetosheka.

Kwa hiyo usirushe shilingi. Shilingi inarushwa pale ambapo hakuna aliyekosea. Hapa aliyekosea yupo, na ukiirusha utakuwa unakipa kipande cha chuma kazi ya kuomba radhi kwa niaba yako.

Na huyo rafiki yako mstaafu, mwambie Shangazi amemsalimu na amemkatalia. Nimekaa na shauri lake siku mbili nikijaribu kulionea huruma, nimeshindwa. Fikiria binti anayesoma noti kuliko wote, anayekusahihisha wewe uliyekula chumvi jeshini, asimame mstari wa mbele amefutua mashavu kwa tarumbeta bubu. Masikio yake yatamwambia kila kosa na kila uzuri wa mwenzake, na mikono yake itakuwa inadanganya baba yake, shangazi zake wa Kampala, na uwanja mzima. Na yule kijana amefichwa nyuma kama jenereta. Baba ataona picha, sawa. Picha hiyo itatundikwa sebuleni. Binti ataipita kila asubuhi akienda kuchota maji. Hapana, Afande.

Hiki ndicho ningefanya ningekuwa wewe.

Kijana apulize machi ya kuingia na Wimbo wa Taifa. Ahadi yake ilitangulia, na kwa maelezo yako ana noti ya kwanza isiyotetema. Wimbo wa Taifa hauna nafasi ya kujirekebisha. Huu wetu, alioutunga George Wilberforce Kakoma kwa ajili ya uhuru wa 1962, ni miongoni mwa nyimbo fupi kabisa za taifa duniani. Ukianza vibaya, kabla hujajikusanya umekwisha na bendera iko juu. Hapo anatakiwa mtu mwenye sauti pana na roho tulivu.

Halafu tarumbeta libadilishe mkono, na binti apulize wimbo wa Jumuiya, nyimbo mbili za wakati wa chakula, na machi ya kutoka.

Najua utakachosema: mwenyekiti ataona mwanawe amenyimwa heshima ya bendera. Basi hesabu naye. Kijana ana machi moja na wimbo usiofika dakika mbili. Binti ana kila kilichobaki. Na wimbo wa Jumuiya ndio unaomfaa mtu anayesoma noti, kwa sababu watoto hawausikii kila siku kama ule wa Taifa, hawawezi kuupiga kwa mazoea ya sikio. Tena ni wa Kiswahili. Umeshawahi kuangalia viti vya mbele unapopigwa? Nusu ya wakubwa wanatazama viatu vyao na kutikisa midomo kama samaki. Kiswahili kimo kwenye Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 kama lugha rasmi ya pili, lakini maneno ya wimbo ule bado ni watu wachache wanaoyajua kifuani. Kijijini kwenu mnayajua. Siku hiyo watakaoimba kwa sauti ni watu wa mwembe wenu, na anayewaongoza ni binti yule. Mimi ningekuwa baba yake ningetafuta kiti cha karibu na spika.

Na machi ya kutoka msiidharau. Watu husahau bendi ilivyoingia, maana wakati huo wanatafuta pa kukaa.

Hilo la kubadilishana lifanyike wazi, mbele ya uwanja. Kijana ashushe tarumbeta, achomoe kidomo chake, ageuke, ampe mwenzake mkononi. Mkononi, si kwenye kiti. Binti aweke kidomo chake, ainue. Lifanyieni mazoezi kama mnavyofanyia mazoezi kugeuka kulia. Wewe mtu wa gwaride unajua kwamba jambo lililopangwa likafanywa kwa pamoja, hata likiwa dogo, watu huliona ni sehemu ya sherehe. Kama lile la kukabidhiana zamu ya lindo.

Umeona nimesema kidomo chake na kidomo chake. Hapo nilikuwa nataka kukugombeza tangu mwanzo. Ulivyoniandikia kwamba mtoto anapangusa kidomo kwa shati kisha anapuliza, nilisimama nikaenda kunywa maji. Mafua na vidonda vya midomo hupitia hapo hapo. Kila mtoto wa ala ya kupuliza awe na kidomo chake, akitunze mwenyewe, akioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, apitishe brashi ndogo ndani. Kidomo peke yake si ghali kama tarumbeta. Hicho ndicho cha kwenda kuomba, kwa mwenyekiti, kwa imamu, kwa ndugu za Kampala. Watu hupenda kutoa kitu wanachoweza kukishika mfukoni. Mkikosa vya wote kabla ya tarehe, basi kioshwe kwa sabuni kila kinapobadilisha mdomo, na uwe na beseni hapo chini ya mwembe.

Mimi si mtu wa bendi, kwa hiyo nilimpigia simu rafiki yangu mmoja aliyepuliza tromboni miaka mingi, nikamsomea barua yako bila kumwambia ni ya wapi. Alicheka sana pale kwenye tuba na sufuria. Halafu akauliza swali moja: hayo matarumbeta matatu yenye vali zilizochoka, wanayapaka nini? Anasema amekuta bendi nyingi za vijijini zinatia mafuta ya kupikia. Kwa siku mbili tatu vali zinateleza vizuri, kisha mafuta yanaganda na kunata kama gundi, na vali inakwama chini katikati ya wimbo. Kama ndivyo mnavyofanya, zifungueni vali, zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikaushwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, zitiwe mafuta yake yenyewe ya vali, matone machache. Kila vali irudi kwenye tundu lake, zina namba. Anasema katika matatu huenda moja likafufuka. Likifufuka, tatizo lako limepungua nusu. Jaribu hilo kesho kabla hujafanya lingine lolote. Ingekuwa aibu watoto wawili waumie mwezi mzima kwa ajili ya mafuta ya kukaangia chapati.

Kuhusu kuazima Kampala, ukipata mtu asiyetaka rehani, azima. Lakini lifike wiki moja kabla, maana mtoto akikutana na tarumbeta geni asubuhi ya sherehe ni kama kupewa mguu wa mtu mwingine. Na usiliazime ili ukwepe kuzungumza na watu wawili nitakaowataja sasa.

Wa kwanza ni bibi wa mandazi. Anza kwake, si kwa mwenyekiti. Nenda asubuhi kabla hajaanza kuuza, au jioni akiwa anahesabu, ukae chini alipokaa yeye. Mwambie kijana atapuliza, atapuliza lini, na atamkabidhi nani. Mwambie pia kwamba uliahidi mara mbili. Asije akalisikia hilo uwanjani kutoka kwa mtu mwingine akadhani mjukuu wake amepokonywa katikati ya sherehe kwa sababu ni mtu wa kuja. Watu waliokimbia kwao hulisoma jambo kama hilo haraka, na mara nyingi wamewahi kuwa sahihi.

Kisha mwenyekiti. Nenda peke yako, binti akiwa hayupo. Usipeleke mjumbe, na usipige simu. Sema kitu kama hiki: "Mzee, siku ile ya ngozi nilikuahidi kitu ambacho nilikuwa nimeshampa mtoto mwingine. Kosa ni langu, si la watoto. Nimekuja nikuambie kabla ya siku yenyewe. Binti yako atapuliza hiki, hiki na hiki." Halafu nyamaza. Akikasirika mwache akasirike. Usianze kumpunguzia machi kijana hapo hapo ili uso wa mzee utulie, maana nakuona ukifanya hivyo. Wewe ni mtu anayeahidi akifurahi, na nina wasiwasi kwamba unaahidi pia ukiogopa.

Akisema kiwanja ni chake? Basi mtahamia chini ya mti mwingine. Luweero haijaishiwa miembe. Lakini sidhani atasema. Mtu anayenunua ngozi ya ngoma bila kuombwa si mtu wa kukata mti kwa ajili ya wimbo mmoja. Huenda hata akakuuliza kwa nini hukumwambia tangu Julai.

Sasa wale watano.

Kutazama na kujifunza ni kazi ya siku nyingine zote. Wametazama miaka miwili. Mtoto aliyekaa chini ya mwembe miaka miwili, akaoshwa, akavishwa, akapandishwa kwenye lori kwenda gombolola ili aketi kwenye nyasi atazame wenzake, atakachojifunza ni kwamba yeye si wa bendi. Na ukimwacha nyumbani ni vibaya zaidi, kwa sababu sauti ya ngoma kubwa itamfikia huko huko.

Mna machi moja, umesema. Machi inarudiwarudiwa mpaka watu wafike wanapokwenda. Basi hiyo ya kuingia wapige wakubwa, na ya kutoka wapige wadogo kwenye zile ala wanazoshirikiana. Itakuwa nyembamba kidogo, na tuba itapotea hapa na pale. Wakati huo watu wamekula, wana soda mkononi, na mgeni rasmi anatafuta gari lake. Hakuna uwanja Uganda utakaomzomea mtoto wa miaka tisa mwenye tuba iliyobonyea. Binti wa mwenyekiti atakuwa mbele na tarumbeta zima, wimbo hautaanguka, na wale wadogo watakuwa nyuma yake kama vifaranga. Na wakati mmoja anapuliza, mwenzake asikae pembeni. Atembee ndani ya mstari, na kofia kama ipo, mikono ubavuni, hatua moja na wenzake. Atakayetazama kutoka mbali atahesabu watoto 19.

Ukiniuliza ni kipi katika majibu yangu usikiguse kabisa, ni hicho.

Yaliyobaki nayasema mbio mbio kwa sababu wewe ni mzoefu wa sherehe kuliko mimi, ingawa ulizizoea ukiwa mtu mzima mwenye chakula cha jeshi tumboni. Wahenga waliposema ngoma ya watoto haikeshi walikuwa na maana yao ya mafumbo, mimi naichukua kama ilivyo. Mtaambiwa mfike saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi atafika saa sita. Kila kiongozi atasimama aseme hana mengi ya kusema. Mwone mwandaaji sasa, mpatane kwamba bendi ina kivuli chake, maji yake, na chakula kabla ya wageni, si makombo baada yao. Rafiki yangu wa tromboni anasema ala zikiachwa juani sauti inapanda, kila moja inapanda kivyake, na Wimbo wa Taifa unasikika kama mbuzi wanapelekwa mnadani. Midomo nayo ni nyama. Siku ya kuamkia Oktoba 9 wasipulize sana, wapitie kidogo na wakalale.

Na mtu akija na fulana za bure za rangi ya chama, chochote kile, azipeleke kwingine. Mkivaa mara moja mtakuwa bendi yake, na msimu wa kura mtaipata taabu yake.

Kabla sijasahau, vile viatu. Mwambie bibi asivifiche kabatini mpaka siku yenyewe. Kijana avivae kuanzia leo, nyumbani, akichota maji, akija mazoezini, wiki zote nne. Mtoto akivaa viatu vipya vya ngozi kwa mara ya kwanza kwenye machi ya kuingia uwanjani, hata noti ya kwanza itatetema, na hilo, Afande, unalijua kuliko mimi.

Shangazi